Ubuyu wa Sinia la Wakwe

Mwaka juzi Ramadhani ilimalizikia ndani ya masika, na chumbani kwetu Ng'ambo kila kitu kilikuwa na unyevu, mpaka kibiriti. Mama mkubwa, aliyenilea tangu mama yangu alipofariki, alikuwa anapika ubuyu wa Idi. Mtaani kwetu sinia la visheti lisilomwagiwa ubuyu mwekundu juu halihesabiki sinia, na wanawake walimletea yeye ubuyu wao mkavu aupike, maana mkono wake walikuwa wakiujua.

Mie shule niliiacha njiani na upishi sikufundishwa. Nlitizama tu. Nikajua kazi yote imo kwenye shira, ile sukari ya kuchemsha. Ukitia ubuyu kabla shira haijawiva, sukari haigandi, inatoka maji. Na sisi tumefunga, hakuna kuonja. Mama mkubwa huchovya kidole, hukibana na gumba, akafungua polepole. Shira ikivuta uzi, tayari.

Alasiri ile alichovya, kidole akakiacha mlemle. Shira inatokota. Katulia nacho kama anayepima maji ya kuogea. Nikamvuta mkono. Ncha za vidole zimejaa malengelenge, mengine ya zamani, yashapasuka.

"Mama, huhisi?"

"Nahisi. Tia ubuyu, shira tayari."

Haikuwa tayari. Niliiona kwa macho yangu inachuruzika. Mimi ninayegombana na wauza samaki mpaka wananipunguzia bei niondoke, siku hiyo nlinyamaza. Utaanzaje kumwambia mtu aliyekutia tonge mdomoni kwamba vidole vyake havijui tena shira? Nikatia ubuyu.

Ubuyu wenyewe ulikuwa wa jirani yetu wa mlango wa pili. Binti yake kaolewa Mji Mkongwe, na hiyo ndiyo Idi yake ya kwanza kwa mume. Idi hiyo mama wa mke hupeleka sinia kwa wakwe, nao hulifunua mbele ya wageni.

Idi pili asubuhi jirani akaingia na sinia lake, akalitua sakafuni, akaondoa kawa. Rangi ya ubuyu imechuja juu ya visheti vyote, vimelowa, vimeshikana.

"Bi mkubwa, umenivua nguo kwa wakwe," alisema. Hata salamu hakutoa. "Mkwe wangu kaniuliza, hiki chakula au rangi ya ukili wa mikeka?"

Mama mkubwa alikuwa kaificha mikono ndani ya kanga. Akafungua mdomo. Mie nshasimama, hata shikamoo nimeisahau.

"Hakupika yeye, nlipika mimi. Una la kusema, nambie mimi, yeye muwache."

"Wewe?"

"Mimi. Yeye alikuwa kalala."

Akanitizama juu mpaka chini, na hasira ikamshuka pale pale. "Nlijua. Nimesema tangu jana, huu si mkono wa Bi mkubwa. Wewe mwanangu umepewa ulimi tu, mikono hukupewa." Akamgeukia mama mkubwa, sauti imeshalainika. "Nisamehe, Bi. Idi kubwa nakuletea tena. Lakini upike mwenyewe, huyu asisogee jikoni."

"Inshallah," alisema mama mkubwa.

Jirani alipotoka nlingoja angalau neno moja zuri. Mama mkubwa akaitoa mikono kwenye kanga, akaiweka mapajani.

"Nlikuwa namwambia sasa hivi," alisema. "Kwamba vidole vyangu vishakufa, nimeacha kupika. Nlishajipanga tangu usiku. Umenirudisha jikoni, mwanangu."

"Ulitaka nimwache akutukane?"

"Ningetukanwa mara moja, yakaisha."

Nlitaka kumfuata jirani nikamwambie kweli. Mama mkubwa akanikataza. Hataki nionekane muongo, akasema, bora yeye aungue.

Ilipokaribia Idi kubwa walikuja wengi kuliko zamani, kila mmoja na mfuko wake wa ubuyu na sharti lile lile: apike Bi mwenyewe. Jirani akaja kabisa na kibao cha mbuzi, akakaa mlangoni mwa jiko anakuna nazi, kusudi nisipite.

"Leo umekamatika," aliniambia, anacheka.

Nikasimama ukumbini. Nlisikia shira inatokota, nikasikia mama mkubwa anaweka mwiko pembeni, anajisogeza karibu na sufuria. Baadaye akasema, "Tayari," kwa sauti ile ile ya kila siku.