Dakika Tano za Chumba cha Nyuma

Nilishuka kwenye lori la mahindi kutoka Kibaigwa bila mpango wowote, nikanasa Dodoma kwa sababu ya kompyuta. Dada mmoja alikuwa na duka la kuchapa mitihani ya shule, akanipa kazi. Kompyuta yake ilikuwa na vioo viwili, kila kimoja na kibodi yake: kimoja dukani, kingine chumba cha nyuma, kando ya kitanda cha kaka yake. Kaka alikuwa mgonjwa, hawezi tena kusimama, ila vidole vyake vilikuwa bado vyepesi.

"Nisipochapa nitakuwa nasubiri tu," alisema. Kusubiri nini, hatukuuliza.

Siku moja umeme ulikatika ghafla, kazi yake ya asubuhi nzima ikapotea. Nilimkuta amegeukia ukutani. Kuanzia hapo akanifundisha kuzima kwa amri, kabla ya saa ya mgao wa umeme. Niliacha shule darasa la sita, kwa hiyo nilimuuliza kila herufi. Unaandika shutdown, kisha -h ya kuzima au -r ya kuzima na kuwasha upya, kisha dakika, kisha maneno ya kumwonya aliye kwenye kioo kingine.

"Kaka, nazima baada ya dakika tano. Hifadhi kazi."

Jibu lilitokea kwenye kioo changu: "Mtoro wa shule wewe! Kwetu hata salamu haziishi kwa dakika tano."

Nilisubiri dakika ziishe, mashine ifunge kila kitu na kuandika kuwa imesimama, ndipo nikabonyeza swichi. Ikawa hivyo kila siku ya mgao. Majibu yake yakazidi kuwa mafupi, hadi yakakoma. Nikawa nasikia kikohozi tu.

Alifariki alfajiri. Niliporudi kutoka makaburini, kompyuta ilikuwa bado inawaka na saa ya mgao imekaribia. Uani wanawake walikuwa wamejaa. Niliandika amri, penye dakika nikaweka sifuri.

Dada alikuwa amesimama mlangoni. "Umemwandikia?"

"Nani, dada?"

"Weka tano. Hakupenda kukatwa."

Nikaandika maneno yaleyale. Akaingia chumba cha nyuma. Swali la hesabu alilokuwa akichapa kaka lilikuwa limeishia katikati. Akalihifadhi hivyohivyo, akakaa kwenye kitanda kilichokwisha kuondolewa godoro.

Dakika zikaisha, mashine ikaandika kuwa imesimama. Sikugusa swichi. Mgao ulipofika, vioo vyote viwili vilizimika pamoja, na hakuna kilichopotea.