Sindano ya Pili

Mimi nilimkataza. Mume wangu alikuwa fundi viatu hapa Karatu, miaka ile maduka yalipokuwa matupu na sindano ya viatu ikitafutwa kama dawa. Yeye alikuwa nazo mbili. Siku ya mnada mfugaji mmoja kutoka Loliondo akamwomba amuuzie moja, ili viatu vyake vya tairi vikikatika njiani ajishonee mwenyewe.

Nikasema, “Baba watoto, unauza kazi yako.”

Akanicheka. Huyu ni mteja mmoja tu, akasema, tena anaishi mbali.

Mteja mmoja! Kwao sindano ya mtu ni ya boma zima, na ya boma la jirani pia. Minada iliyofuata wafugaji walipita mbele ya kibanda chetu na viatu vilivyoshonwa vizuri, wakatusalimia kwa heshima, wakaenda zao.

Kisha sindano yetu ikavunjika. Tulitafuta mpaka Arusha, hakuna. Mume wangu akamngoja yule mfugaji mnadani, akamwomba amwazime ile aliyomuuzia.

“Hakuna shida, mzee,” akajibiwa kwa upole. “Iko Engaresero kwa shemeji yangu. Ila kuna watu wanaisubiri mbele yako.”