Waseme Alipoanza Kukojoa Sebuleni

Harufu ya mkojo wa mbwa kwenye saruji haisahauliki. Ni kali, inapanda puani na kukaa, na hata ukimwaga majivu ukapiga deki mpaka mgongo ukuume, jua likishika mabati harufu inarudi palepale. Niliijua nikiwa na miaka tisa, katika nyumba yetu ya mtaa wa Mudzipela, hapa mjini Bunia, na mpaka leo nikiipata mahali popote moyo unaanza kupiga kabla akili haijauliza kuna nini. Watu wengine wakiinusa hukunja pua. Mimi naogopa, na sioni haya kusema.

Mbwa alikuwa wetu wenyewe. Jina lake Waseme. Papa alimpa jina hilo wakati anajenga nyumba, majirani walipokuwa wakiulizana muuza vipuri vya pikipiki kama yeye ametoa wapi matofali ya kuchoma. Hakumjibu mtu. Alileta mbwa, akawa anamwita jioni kwa sauti ya kujaza barabara nzima, "Waseme! Waseme, kuja!", ili kila mwenye masikio apate fungu lake. Kwetu ndivyo unavyomjibu jirani bila kugombana naye. Alikuwa mbwa wa rangi ya vumbi, sikio moja limeanguka, na adabu zake zilitushinda sisi watoto. Tangu mdogo alifundishwa kwamba haja ni nyuma ya migomba, na hakuwahi kukosea, hata mvua inyeshe namna gani. Mama alimtolea mfano mdogo wangu Baraka, ambaye alikuwa bado analowesha godoro: "Angalia, Baraka! Ata imbwa inakushinda, weye!" Baraka alikuwa akimtazama Waseme kwa chuki ya kweli.

Msimu ninaousimulia ulikuwa wa hofu, na hofu ya watu wazima mtoto anaijua mapema, kwa sababu wanaacha kumgombeza. Watu wa upande wa Djugu walikuwa wakiingia mjini kila siku wakikimbia vita, magodoro vichwani, kuku wamening'inizwa kwenye usukani wa pikipiki. Pamoja nao alifika Tantine Vero, dada mkubwa wa Papa, aliyekuwa akilima na kufuga karibu na Iga Barrière. Alikuja na kitenge kimoja na sufuria isiyo na mfuniko. Hakutueleza alichokiona njiani, nasi tulikatazwa kuuliza. Papa akabadilisha sheria za nyumba. Mlango ulifungwa jua likiwa bado juu, na haukufunguliwa mpaka jua la kesho yake liwe limekomaa. Waseme, aliyekuwa akilala barazani tangu kuzaliwa kwake, akaingizwa sebuleni, maana mbwa akibweka anamwonyesha mwenye nia mbaya kwamba hapa pana kitu. Maji yakawa ya kuhesabiwa kwa kikombe, kwa sababu chemchemi iko chini bondeni, na wanawake waliogopa kushuka huko isipokuwa mchana, kwa kundi. Mama, aliyekuwa akiuza samaki wabichi wa ziwani, aliachana nao kwa kuwa barabara ya ziwani haikuwa salama tena, akaanza kuuza makayabo, wale samaki wakavu wa chumvi wanaokuja kwenye makatoni kupitia Mahagi. Basi na sisi tukala makayabo. Asubuhi makayabo, jioni makayabo na bugali. Waseme alipewa ngozi na mapezi.

Asubuhi moja nilitoka chumbani bila viatu, nikakanyaga majimaji. Nilidhani chombo kimepasuka. Papa akainama, akanusa, akavua kandambili akampiga nayo Waseme mgongoni, na mbwa yule hakulia hata kidogo, alijikunja chini ya meza kama mtu aliyeumbuka mbele ya wakwe. Tulidhani yamekwisha. Kesho yake akakojoa tena, safari hii mbele ya mlango wa chumba cha Papa na Mama. Siku iliyofuata, karibu na mkeka wa Tantine Vero.

Tantine alikuwa mwanamke wa maneno machache. Aliiangalia ile michirizi kwenye saruji, akaweka mikono kichwani, akakaa chini polepole. "Kwetu ilikuwa vile vile," alisema. "Imbwa yetu ilikojoa mu nyumba. Tukacheka. Ile juma ile ile tukakimbia." Papa akamwambia dada yake, "Yaya, acha ile maneno mbele ya watoto." Lakini yeye aliendelea, macho kwenye sakafu: "Imbwa iko naona kitu siye hatuone. Ikikojoa mu nyumba, iko nasema hii nyumba itabakia bure, bila mutu."

Hakuna aliyecheka. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Tantine alikuwa ameumwa kweli, nani wa kumkatalia? Mchana ule Mama alianza kufunga vitu. Alivifunga kimyakimya, kama mtu anayeiba katika nyumba yake mwenyewe: vyeti vya ubatizo, vitenge vyake viwili vizuri, dawa ya malaria, chumvi. Nilikuwa nimesimama mlangoni nikimwangalia. Nilitaka aniambie nitoke nikacheze. Badala yake alinivalisha viatu, akafunga kamba mara mbili, kama za mtu wa safari.

Kama hiyo haikutosha, akaja Papa Zakari, jirani wetu wa ukuta kwa ukuta, mtu aliyejua kila jambo la kila nyumba isipokuwa la kwake. Alisimama barazani akichungulia ndani. "Ile haiko alama ya vita," alisema. "Ile ni wazimu. Imbwa ya wazimu inasahau adabu yake yote. Inakimbia maji, inaanza kuluma. Munangoja ilume mutoto ndiyo mujue?" Kila mtu alijua habari ya mtoto wa avenyu ya pili aliyeumwa na mbwa mwaka uliotangulia. Watu wazima walikuwa wakiisimulia kwa sauti ya chini, wakifika mwisho wake wananyamaza. Papa aliniangalia mimi, akamwangalia Baraka, nikaona uso wake umefungwa. Akasema vijana wa mtaa waje kesho asubuhi na fimbo, wakammalizie nje, mbali na watoto.

Niseme ukweli kuhusu hofu yangu, maana watu wakisimulia utoto wao hupenda kujifanya mashujaa. Nilimpenda Waseme. Nilijua atauawa, na nililia mpaka kwikwi zikanikamata. Lakini aliponijia na kunisogezea pua nilirukia juu ya kiti, kwa kuwa niliogopa meno yake, niliogopa mate yake, niliogopa hata kivuli chake ukutani. Alisimama pale akinitazama na sikio lake lililoanguka, akitingisha mkia kidogo kidogo, kisha akaenda zake. Kumpenda mtu na kumwogopa kwa wakati mmoja ni jambo baya sana, na mtoto wa miaka tisa hana pa kuliweka.

Asubuhi, baada ya usiku wa kulala tumejifungia vyumbani, mlango ulipofunguliwa Waseme alitoka mbio. Nikamfuata kwa mbali, nikimchungulia kwenye kona ya jikoni. Nyuma ya nyumba palikuwa na pipa la kukinga maji ya mvua kutoka kwenye mabati, maji ya kijani tuliyokuwa tukiyatumia kuoshea miguu tu. Waseme alikuwa amesimama kwa miguu ya nyuma, kichwa kizima ndani ya pipa, anakunywa. Alikunywa, akapumzika, akakunywa tena, mpaka nikaona mbavu zake zinapanuka. Maneno ya Papa Zakari yakanirudia: inakimbia maji. Nikapiga kelele ambayo nadhani iliamsha Mudzipela nzima. "Mama! Mama, kuja! Iko nakunywa!"

Vijana walikuwa wamekwisha kufika kwenye lango na fimbo zao, Papa Zakari nyuma yao. Mama alikuja, akaona, akasimama. Halafu akafanya jambo ambalo sijawahi kulisahau: alichota maji ya kunywa, yale ya chemchemi, yale ya kuhesabiwa, akajaza beseni, akaliweka katikati ya kiwanja mbele ya watu wote. Waseme aliziangalia fimbo, akatetemeka, akajikokota kwa tumbo mpaka kwenye beseni, akalimaliza lote.

"Iko na kiu tu," kijana mmoja alisema, kama aliyekasirika.

Mama aligeuka akaangalia sahani ya mbwa kando ya jiko, zile ngozi za makayabo, akajipiga paji la uso. "Yesu wangu! Chumvi!" Kila mwanamke wa hapa anajua makayabo hulowekwa usiku kucha, maji yakamwagwa, yakawekwa mengine, yakamwagwa tena, ndipo makayabo yalike. Lakini sisi tulikuwa tunayaloweka mara moja, tena kwa maji ya kufunika tu, kwa vile tuliogopa kushuka chemchemini. Mbwa akala chumvi, akakata kiu kwenye pipa mchana kutwa, kisha tukamfungia ndani tangu jua likiwa juu mpaka kesho, kwa vile tuliogopa barabara. Alikuwa akojoe wapi? Na alipokojoa, tukaogopa zaidi. Kikulacho ki nguoni mwako. Baraka naye msimu ule alilowesha godoro kila siku, zaidi ya alivyowahi, lakini yeye alichapwa tu, hakuna aliyemwita alama ya vita.

Leo najua kwamba kipimo chetu cha beseni hakikuwa kipimo. Mbwa mwenye kichaa anaweza kunywa maji kabla ugonjwa haujamkamata sawasawa, na mimi nisingemruhusu mtu yeyote kukitegemea. Tulibahatika, basi. Mama aliacha kumpa chumvi, Papa akawa anamfungulia mlango wa nyuma alfajiri huku amesimama na panga mkononi, na sakafu ikakauka. Waseme aliishi miaka mingi baada ya hapo. Vita, nyumbani kwetu, haikufika msimu ule. Tantine Vero hakuwahi kukubali kwamba ilikuwa chumvi. Alisema Mungu alibadilisha mawazo.

Sasa nina nyumba yangu na watoto wangu, hapahapa Bunia, na nina jike la mbwa ambaye amezeeka. Mwezi uliopita alikojoa sebuleni. Mimi si mtoto tena, nimesoma, naijua orodha ya sababu: uzee, figo, kibofu kilichoumia, sukari, woga, chakula kilichobadilika. Nilimpigia simu daktari wa mifugo palepale, akanijibu kwa utulivu kwamba ni uzee, nimlete anipe vidonge, nisihangaike. Nikamshukuru. Hata nilimfanyia mzaha, akacheka. Niliweka simu chini, nikageuka, nikawaona wanangu wawili wamekaa kwenye kochi wakinitazama, mchana kweupe, wote wamevaa viatu, kamba zimefungwa mara mbili. Ni mimi niliyekuwa nimewavalisha, simu ikiwa sikioni, na sikukumbuka hata kiatu kimoja.

"Maman, tunaenda wapi?" mdogo aliuliza.

Nikawaambia tunaenda kununua mkate. Tukaenda, tukanunua mkate.