Babu Aliyebeba Mtumba

Belo la mitumba likikatwa kamba hutoa harufu ya dawa ya nondo, vumbi, na jasho la watu usiowajua. Hata leo nikipita soko la Mchikichini asubuhi na kuinusa, narudi kuwa na miaka minane, nimekaa juu ya rundo la sketi, mama akiwaita watu waje wachague.

Nyumbani Kariakoo tuliishi na bibi mzaa mama, Mnyamwezi wa Tabora. Kuhusu babu yake alikuwa na sentensi moja tu, aliyoirudia kila alipojikanda magoti: "Babu yangu alibeba mtumba mpaka bega likaota sugu." Mimi, mtoto wa Mchikichini, nani angenifundisha mtumba ni nini? Nilimwona kabisa yule mzee, mashati begani, akizunguka mitaa ya Tabora kuita wateja. Nilijivunia sana.

Siku moja wageni walileta posa ya dada yangu. Walikuwa na duka la jumla mtaa wa pili. Mshenga akauliza, kwa adabu zote, asili yetu. Bibi akasafisha koo. Nikamtangulia.

"Babu yake bibi alikuwa anauza mitumba!"

Wageni walicheka mpaka wakaweka chini sahani za pilau. "Kumbe biashara iko kwenye damu!" alisema mshenga. "Basi hapa tumefika." Mama hakusahihisha kitu. Bibi alifungua mdomo, akamtazama dada, akaufunga. Ilikuwa funika kombe mwanaharamu apite. Posa ikapokelewa.

Jioni bibi aliniita chumbani kwake. Nilijua nitachapwa, lakini hakunichapa.

"Hakuuza," alisema. "Alifuma. Alifuma nguo za pamba, na watu walitoka mbali kuzifuata. Halafu zikaja nguo za merikani za Wazungu kutoka pwani. Nyeupe, nyepesi, rahisi. Za kwake zikakosa mtu."

"Akafanyaje?"

"Akawa mpagazi. Mtumba ndio huo mzigo wenyewe, mjukuu wangu. Majora ya merikani, kutoka Bagamoyo mpaka kwetu, kwa miguu."

"Si angekataa, aendelee kufuma?"

"Amfumie nani? Wewe hilo gauni umefumiwa na nani?"

Nililitazama gauni langu, nikajibu kwa maringo: "Hili gredi ya kwanza, bibi. Mama alinichagulia kabla ya wateja."

Alicheka kidogo, akaniambia niende nikalale.

Kwa miaka mingi niliamini nilimuudhi kwa sababu nilisema uongo mbele ya wageni. Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kwamba yule mzee alibeba begani mwake kitu kilekile kilichomnyang'anya kazi, na kwamba bibi, aliyekuwa mtu wa mwisho aliyebaki akilijua hilo, alilimeza ili mjukuu wake aolewe. Mpaka leo kwenye sherehe zetu tunatambulishwa kuwa wafanyabiashara tangu mababu. Naona aibu, na bado sijasimama kusema.

Bibi alifariki mwaka mmoja baada ya posa ile. Mjomba alitumwa dukani kununua sanda. Alirudi na kipande cha jora, kingali na mhuri wa kiwanda cha ng'ambo pembeni, na wanawake wakaukata ule mhuri, wakamvisha kilichobaki.