Ndovu alivyomaliza ubishi wa "GMO" nyumbani kwetu Makwasinyi

Wakuu, habari za mchana. Hii si ya kuambiwa, imenitokea mimi, na furaha niliyo nayo hata sijui nianzie wapi.

Binti yangu Wakesho ana miaka miwili. Kliniki walimzungushia ule utepe wa mkono, ukasoma manjano. Yaani lishe imepungua, na akishuka kidogo tu ni nyekundu. Nililia pale pale.

Mhudumu wa afya wa kijiji akanipa marando ya viazi vitamu vya rangi ya chungwa, vile vya vitamini A. Nikapanda.

Viazi vikakomaa, shida ikawa mama mkwe. Yeye ndiye huponda kimanga, yaani maharagwe na viazi pamoja, na bila kimanga chake Wakesho hafungui mdomo. Nilipompelekea kiazi cha kwanza akakikata, akaona rangi, akaruka.

"Hii ni GMO! Mjukuu wangu si panya wa maabara!"

Nikamweleza si GMO, haikubadilishwa jeni, ni mbegu iliyozalishwa kwa njia ya kawaida. Na hata GMO yenyewe hupimwa kwanza kabla ya kuruhusiwa. Wapi! Ameshasikia redioni, basi imeisha.

Asubuhi moja, ndovu akavunja ua. Mnaoishi huku karibu na mbuga mnajua hiyo hasara. Lakini huyu jamaa alipita mahindi, akapita viazi vyeupe, akaenda straight kwa vya chungwa. Alikula kama mwenye shamba.

Mimi nalia, mama mkwe anacheka!

"Ndovu hali kitu kibaya, mama Wakesho. Chimba vilivyobaki kabla hajarudi."

(Najua ndovu si maabara. Wataalamu, niacheni kidogo.)

Siku hiyo hiyo akaponda kimanga cha chungwa. Mtoto akamaliza, akaomba kingine. Tukaendelea hivyo, na yai tukipata.

Juzi tumerudi kliniki. KIJANI, wakuu! Nilipiga kelele hadi nesi akanitoa nje.

Nilichojifunza: nilipoteza muda kufundisha sayansi, na mama mkwe alitaka tu kuona kiumbe anayemwamini akila viazi hivyo.

Watu wa Maungu na Chala, mmejaribu hivi viazi? Kwenu nani alikataa, na alilegezwa na nini? Andikeni, nitajibu polepole. Nachapa kwa mkono mmoja, mwingine umembeba Wakesho, na siku hizi ni mzito huyu!