Goti la Kabula

Cheka ukitaka, lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, hapa Bariadi, miaka ile biashara ya pamba ilipofunguliwa na malori ya wanunuzi binafsi yakaanza kupishana barabarani.

Kazi yangu ilikuwa kupima mifupa ya watu wasiojulikana. Mafundi waliokuwa wakichimba msingi wa ghala la pamba walifukua mifupa, na mama mmoja wa kijiji cha Sola akaja mbio. "Ni Kabula wangu. Mkono wa kushoto ulivunjwa na ng'ombe akiwa mdogo." Kovu la mvunjiko lilikuwepo kweli, ila wachungaji wangapi wamevunjwa na ng'ombe? Kijiji kilikuwa kinasema Kabula katoroka na mnunuzi wa pamba. Mama alitaka amzike bintiye na amsafishie jina.

Nyonga, ambayo husema upesi kama ni mwanamke au mwanaume, ilikuwa imevunjwavunjwa na sururu. Nikapima mfupa wa paja, upande wa goti, kwa chuma chenye taya mbili. Jedwali letu la vipimo, lililotoka ng'ambo, likasema mwanaume. Nikaanza kutafuta maneno ya kumwambia mama.

Ndipo akaingia mwanamke mrefu, jembe begani.

"Mwadila, baba."

Nikaitikia salamu. Akaitazama mifupa, akaketi, akapandisha kanga hadi gotini.

"Nipime na mimi."

Wewe ungekataa? Mimi udadisi ni ugonjwa wangu, nikapima. Goti lilikuwa la baridi kuliko kile chuma. Nikakisia unene wa ngozi, nikautoa: upana uleule wa mfupa ulioko mezani! Akacheka, kiganja mdomoni.

"Basi na mimi mwanaume? Hicho kitabu chako walipima wanawake wa wapi? Walilima pamba?"

Nikainama kulitazama jedwali. Kuinua macho, hayupo. Mlinzi, aliyekuwa akimenya karanga mlangoni, akaapa hajaona mtu.

Niliogopa, sikufichi, ila hamu ya kujua ilizidi woga. Kesho yake nikaenda Sola kupima magoti ya akina mama waliozoea jembe na ndoo tangu utotoni. Walinicheka sana. Wengi wao, kwa jedwali lile, walikuwa wanaume. Nikarudi kuunganisha vipande vya nyonga mpaka mkato wake ukajitokeza, mpana, wa kike.

Nilipompa mama habari kuwa ni Kabula wake, alilia, kisha akacheka, kiganja mdomoni, vilevile kama yule mwenye jembe. Nikatafuta kiti.

Siku hizi sipimi mfupa kabla ya kuusalimu. Nawe, ukipewa kipimo cha kumwamulia mtu, uliza kwanza kilimpima nani. Usipouliza, mwenyewe atakuja kukuuliza.