Gari Lililopimwa Likiwa Hewani

Fundi Sindano hakuwa na desturi ya kumwangalia mtu usoni kwanza. Alianza na mabega, akashuka kiunoni, akaishia kwenye pindo la suruali, na akifika huko chini ameshakuhukumu. Kwake dunia nzima ilikuwa mshono mbaya. Karani wa benki alikuwa koti la kuazima. Daktari alikuwa kola iliyokunjamana. Jirani yake muuza viatu, mtu mwema aliyemwazima pasi kila ya kwake ilipoungua, alikuwa gunia lenye vifungo.

Kushona alijua, tusimnyime haki yake. Mteja akiingia dukani na kujinyoosha kama askari wa gwaride, Sindano humgonga tumbo kwa ncha ya kidole na kumwambia, "Simama kama unavyosimama kila siku. Usinivutie tumbo ndani. Nguo haivaliwi na mtu aliyebana pumzi." Maneno ya maana kabisa. Laiti masikio yake yangekuwa karibu na mdomo wake, angeyasikia na yeye.

Aliyemdharau kuliko wote ni mwanyumba wake, mume wa mdogo wa mkewe. Huyu alikuwa fundi wa majokofu, mrefu kama mlingoti, na suruali zake zote zilikatia tamaa njiani kabla ya kufika kwenye viatu. Sindano alimbandika jina la Kifundo, kwa sababu vifundo vya miguu yake vilikuwa nje mwaka mzima. Jina likashika. Hata watoto wake mwenyewe walimtania nalo, naye akacheka nao. Mtu asiyekasirika ni mtamu sana kwa mwenye dharau. Ni kama ukuta usiomrudishia mtu mpira wake.

Basi wanyumba hawa wawili walikuwa na baba mkwe mmoja, mzee mnene aliyeendesha tingatinga maisha yake yote, na mzee alikuwa na gari. Si gari la kubebea mahindi. Lilikuwa gari la spoti la zamani, milango miwili, pua ndefu, limelala chini kama paka anayenyemelea, rangi nyekundu iliyochujuka ikakaribia kuwa ya tofali. Macho ya mzee yalipoanza kumsaliti barabarani, alimpa Sindano funguo, lakini hakumpa gari.

"Kaa nalo kwanza, mkwe," alimwambia. "Mvua zikiisha nitakuja Jumapili unipandishe mpaka juu kwenye machimbo ya mawe, ile njia niliyokuwa nampitisha mama yenu. Nikilisikia liko vile vile, nabadilisha kadi, linakuwa lako. Nisipolisikia, nampa mwenzako. Sina mtoto wa kiume, na sitaki lifie kwenye nyasi."

Kumpa Kifundo! Sindano alikosa usingizi kwa wazo hilo. Vile vifundo vishuke kutoka mlango ule, mbele ya watu?

Hapo mtu mwenye akili timamu angebadilisha oili, akapangusa vumbi, akasubiri Jumapili. Sindano alilitazama gari kama alivyotazama watu: mabega, kiuno, pindo. Na pindo halikumpendeza. Magurudumu yalikuwa ya inchi kumi na tano, membamba, yamejificha ndani ya madigadi kwa adabu. "Mwanamume mzima kavaa kaptula," alisema, akatema mate pembeni.

Akalipandisha gari kwenye jeki nyuma ya duka, akatoa utepe wa kupimia uliokuwa shingoni mwake siku zote, akaanza kazi. Mkewe alikuwa anaanua nguo.

"Mbona unalipima likiwa hewani, baba watoto?"

"Ili nilione vizuri."

"Lakini halitembei hewani."

"Mama watoto, mimi nimepima watu tangu hujanijua. Wewe anua nguo."

Mama watoto akaanua nguo. Ukitaka kujua ndoa yao ilivyodumu, ilidumu hivyo.

Sasa gari likiwa kwenye jeki, gurudumu huning'inia. Springi hazibebi kitu, zinajinyoosha, na pengo linalobaki kati ya tairi na madigadi linakuwa kubwa, hata shubiri nzima inaingia. Sindano aliona pengo lile akafurahi kama aliyekuta kitambaa cha ziada kwenye mkunjo. Akajumlisha, akapata inchi kumi na nane. Bwana huyu, ambaye hakumpima mteja hata mmoja akiwa amebana pumzi, alikwenda kulipima gari likiwa limebana pumzi.

Kwenye uwanja wa vipuri alimkuta muuza rimu mmoja anaitwa Kromu, kijana mwenye meno mengi ya kuchekea na aibu haba.

"Mkubwa, inchi ni nusu ya habari," Kromu alisema. "Kuna ofseti. Ona hapa ndani, huu uso ndio unabanwa na nati. Namba ya ofseti ikiwa kubwa, gurudumu linaingia ndani, linajificha. Ikiwa ndogo, linatoka nje, linachomoza. Wewe unataka lipi?"

"La zamani lilikuwa ngapi?"

"Arobaini, ukiniuliza mimi. Ya kizee."

"Nipe inayochomoza. Bega la koti lazima lionekane."

"Ninayo ya kumi na tano. Pana, inang'aa, utajiona sura. Itakaa?"

"Unaniuliza mimi kama itakaa? Nimepima."

"Kama umepima, mkubwa, mimi ni nani?" Kromu akasema, akaanza kuzifunga haraka kabla mtu hajapata wazo la pili.

Zilikuwa rimu kubwa kama sinia za kuandalia ukoo, na tairi zake nyembamba kama mkanda wa suruali. Sindano alizifunga, akalishusha gari kutoka kwenye jeki, akalipeleka peke yake mpaka kona na kurudi, barabara ya lami, iliyonyooka, watu wakitazama. Yeye mwenyewe alikuwa mwembamba kama uzi wake, gari halikujua kama limebeba mtu. Palikuwa na kaharufu ka mpira ulioungua. "Kitu kipya hunuka," alijieleza. Na yale magurudumu ya zamani akamuuzia msukuma mkokoteni aliyekuwa anapita, yote manne, ili jambo liishe na mkewe asije akaleta hoja.

Jumapili mzee alifika na fimbo yake. Aliliona gari kwa mbali kama wekundu tu, akaridhika. Wekundu ule ule. Akamwita na Kifundo. "Na wewe panda. Nataka shahidi."

Kiti cha nyuma cha gari lile kilitengenezwa kwa ajili ya kofia. Kifundo akajikunja humo, magoti yakamfika masikioni. Kisha mzee akajishusha mbele kwa hatua, kama gunia linaloteremshwa na watu wanaoheshimiana, na gari likashuka naye. Sindano alihisi likishuka. Akatia gia. Mwenye dharau hana pa kulalamikia, ameshawafukuza wote.

Mpaka sokoni walikwenda salama. Walipovuka daraja kukawa na tuta dogo, la kitoto, na chini ya gari ikatoka sauti: *kwaruuu*. Ndani ya gari lile hakuna aliyeijua sauti hiyo kuliko Sindano. Ilikuwa sauti ya kitambaa kinachochanika.

"Nini hicho?" mzee akauliza.

"Barabara, baba."

"Barabara hii niliitengeneza mimi kwa tingatinga. Haikuwa na sauti hiyo."

Kutoka nyuma, katikati ya magoti, Kifundo akasema taratibu, "Mwanyumba, kuna harufu ya tairi huku."

"Ni suruali yako hiyo, inaungua kwa aibu."

Kifundo akacheka kidogo. Mzee hakucheka.

Mlima wa machimbo una kona moja kali, inayokunjia kulia. Sindano alikunja usukani, usukani ukaenda nusu ukagoma. Gurudumu la mbele lililochomoza lilikuwa limeng'ata ukingo wa madigadi. Akalazimisha. Bati likalia, likapinduka nje kama kola iliyovutwa na mlevi, tairi likakatwa, upepo ukatoka wote, na gari la spoti likasimama mshazari katikati ya njia, na bega lake likionekana kweli kweli.

Wakashuka. Mzee akapapasa bati kwa kiganja, akashuka nalo mpaka kwenye rimu, akaipapasa rimu yote kuizunguka. Ilichukua muda, maana ilikuwa kubwa.

"Hii si yangu," alisema.

"Nililipendezesha, baba. Nilitaka ufurahi."

"Jamani pisheni, nina mzigo!" Sauti ilitoka chini ya mlima. Mkokoteni ulikuwa unapanda na magunia ya saruji, msukuma wake amelowa jasho, lakini mkokoteni wenyewe unapanda kimya, hauyumbi, haulii. Mzee akainamisha kichwa akausikiliza. Akausogelea mpaka pua ikakaribia kugusa tairi. Rimu ndogo, maua matano yaliyochongwa, na kwenye ukingo wa moja kovu alilolitia mwenyewe kwenye jiwe la mtaro, usiku aliokuwa anamkimbiza mkewe kujifungua.

"Umeyatoa wapi haya?"

"Kwa huyo huyo fundi nguo hapo," msukuma akasema, akimwonyesha kwa kidevu. "Mazuri, mzee. Yanateleza kama yamepakwa siagi."

Mzee akageuka. Na huyu mzee ambaye haoni vizuri akamtazama Sindano mabega, akashuka kiunoni, akaishia kwenye pindo, taratibu, bila kuruka mahali. Akanyoosha kiganja.

"Funguo."

Sindano akazitoa. Kisha, kwa kuwa mtu anayezama hushika hata povu, akamgeukia msukuma. "Ndugu yangu, tubadilishane. Chukua hizi mpya, nipe hizo zangu."

Msukuma akaipiga rimu inayong'aa teke la kuijaribu. "Hizi? Shimo la kwanza zimepasuka. Na kwa upana huu nikaingie nazo mchangani? Utakuja kunisukumia wewe? Kaa na sinia zako, fundi."

"Nipeleke mimi," mzee alimwambia msukuma. "Leo nilisema nitapanda magurudumu yangu mpaka juu, na nitapanda." Akakalia magunia ya saruji, fimbo mapajani, mgongo umenyooka. Msukuma akaguna kwa ule uzito mpya, ndipo Kifundo akavua viatu na kwenda kusukuma nyuma. Wakapanda. Kitu cha mwisho Sindano alichokiona kabla hawajapotelea kwenye kona ni vile vifundo viwili, vimejaa vumbi, vinafanya kazi.

Mengine yalikwenda yalivyokwenda. Kifundo alimtafutia msukuma magurudumu ya pikapu kuukuu, imara kuliko yale, akarudishiwa ya mzee yote. Bati akalinyoosha kwa nyundo ya mbao. Kadi ikabadilishwa. Rimu zinazong'aa ziko nyuma ya duka mpaka leo. Kuku wa muuza viatu hutagia humo, na hapo kidogo zimepata kazi.

Halafu asubuhi moja gari jekundu likasimama mbele ya duka, kimya, magurudumu yamejificha kwa adabu. Kifundo akashuka na kitambaa kwapani.

"Mwanyumba, habari za kazi? Mzee kasema nikiendesha gari lake nishone suruali ndefu. Kasema wewe ndiye unajua."

Sindano akavuta utepe shingoni. Ili kuupima mguu wa mtu hadi chini lazima upige magoti, na akapiga. Kutoka pale chini dukani palionekana kama mahali pengine kabisa. Kifundo, kwa heshima, akajinyoosha.

"Simama kama unavyosimama kila siku," Sindano akasema. "Weka uzito wako chini."

"Nimeuweka, mwanyumba. Pima."